Mchanga Nilioufagia kwa Mjomba

Nakumbuka asubuhi moja ambayo ningependa niisahau, mwanangu. Walioijua wengi wameshatangulia mbele ya haki, na mimi ningeondoka nayo kimya kimya, kama si jana kukuona umelala chini ya gari unaigonga kwa patasi washa, ile pete ya boliti ya oili. Nilikuuliza kama kuna tatizo. Ukanijibu bila kutoa kichwa, "Hakuna neno, mzee." Nikarudi ndani nikakaa kitandani, kwa sababu maneno hayo nayajua vizuri. Niliyasema mimi kabla hujazaliwa, na nilipoyasema nilikuwa naongopa.

Nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu ipate uhuru, na mimi ndiyo kwanza nimerudi kutoka Dar es Salaam. Huko nilikaa gereji miezi minane, kazi yangu kuosha vyuma kwa petroli na kuwaletea mafundi chai. Nilipofika kwetu, upande wa Mtawanya, niliwaambia watu kuwa mimi ni fundi. Sikusema mwanafunzi wa fundi. Nilivaa bwelasuti ya gereji hata siku ya kwenda kunyoa nywele.

Aliyenilea ni mjomba, kaka yake mama. Kwetu mpwa ni wa mjomba wake, na neno la mjomba ndilo la mwisho. Alikuwa na shamba la mikorosho na pikapu moja kuukuu iliyobeba magunia, wagonjwa na maharusi wa vijiji vyote vya jirani. Aliyeiendesha alikuwa Bakari, mtu mpole aliyenizidi umri kama miaka kumi. Wenzake wote walikuwa watu wa jembe. Yeye watu walimwita Dereva, mkewe akaitwa mke wa Dereva, na mama huyo alitembea kama mtu anayejua anavyoitwa.

Siku ya kubadilisha oili ilipofika, mjomba alitaka gari lipelekwe kwa fundi wake wa zamani kule Mikindani. Nikadakia, "Mjomba, kumwaga oili tu mpaka tuende Mikindani? Mimi nipo." Alifurahi, maskini. Akanipa baiskeli nikanunue washa mpya kwa fundi yule. Mzee yule alinipa washa, pete nyembamba ya shaba, akaniambia, "Ya zamani ikikataa kutoka, usipigane nayo. Njoo uniambie." Nikaitikia, moyoni nacheka.

Kesho yake uwanja wa mjomba ulijaa watu. Hata mke wa mjomba alitandika mkeka aangalie. Nikaingia chini ya gari, nikafungua boliti ya chini ya injini, oili chafu ikamwagika kwenye karai, watu wakapiga makofi kana kwamba nimetoa maji mwambani. Nikaitazama boliti. Washa haikuwepo. Ilikuwa imeng'ang'ania kule juu, kwenye mdomo wa tundu. Nikajaribu kwa ukucha, ukucha ukavunjika.

Bakari alichuchumaa pembeni. "Bwana mdogo," akasema, "tujaribu kisu chembamba, taratibu, kuizunguka?"

"Kaka Bakari," nikamjibu kwa sauti ili wote wasikie, "kazi yako usukani."

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka kidogo. Nikaomba patasi na nyundo. Pigo la kwanza halikufaa kitu. La pili patasi iliteleza, washa ikadondoka, lakini nilipopitisha kidole nikagusa mfereji mdogo uliochimbika kwenye chuma. Nilijua papo hapo kwamba pale pangevuja. Mwanangu, ilikuwa saa tatu ya asubuhi, mjomba yupo hatua nne kutoka nilipolala. Ningetoa kichwa tu nikasema, "Mjomba, nimeharibu."

"Imetoka salama?" Bakari akauliza.

"Hakuna neno," nikasema. Nikaupaka ule mfereji sabuni, nikaweka washa mpya, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Mjomba alinipa mkono mbele ya watu wote.

Alfajiri iliyofuata niliamka kabla ya wengine nikaenda kuchungulia. Chini ya gari palikuwa na doa jeusi kubwa kama sahani. Uwanja wetu ulikuwa wa mchanga mweupe, nao mchanga huo hunywa kila kitu. Nikachukua ufagio wa chelewa nikaufagilia mchanga mkavu juu ya doa mpaka likafunikwa. Nilipoinua macho, mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Kwetu kufagia uwanja ni kazi ya wasichana.

"Njoo umwone mpwa wangu," akamwita mkewe. "Katoka mjini, na bado hadharau ufagio!"

Msikitini alikwenda kulisema hilo. Wazee wakanipongeza. Na mimi nikafagia asubuhi tano mfululizo, kila siku doa likiwa kubwa kuliko jana, kila siku napewa sifa mpya. Sikuthubutu kuongeza oili, kwa sababu ilifungiwa stoo na ningeulizwa ya nini, wakati nimebadilisha juzi. Bado uso unaniwaka ninapokusimulia haya, na mimi ni mtu mzima mwenye mvi.

Asubuhi ya sita, gari likiwa halijatoka uwanjani tangu siku ile, Bakari alikuja kupeleka magunia ya korosho mjini. Kawaida yake alikuwa anafungua boneti kwanza, anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwa kitambaa, anapima. Alipoishika boneti nikamwahi.

"Nimeshapima, kaka. Imejaa."

Akanitazama, akaishusha. "Haya, fundi," akasema, akaingia kwenye gari. Yaani mtu aliniamini, mwanangu, baada ya yale niliyomfanyia mbele ya watu.

Bakari na abiria wake hawakufika mjini. Injini ilinoki, ikagonga na kukwama njiani kwa kukosa oili, mama mmoja aliyekuwa anampeleka mwanawe hospitali akamalizia safari kwa miguu, na gari likarudishwa jioni kwa kusukumwa. Mjomba alikuwa anasubiri uwanjani, na watu nao walikuwepo, kama kawaida yao.

"Bakari," akasema, "ulipima oili kabla ya kuondoka?"

Bakari akageuka kunitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni ili apite kwanza. Nikaangalia viatu vyangu. Akasubiri. Nikaendelea kuangalia viatu.

"Sikupima, mzee," akasema.

Mjomba akanyoosha mkono. Bakari akaweka ufunguo kwenye kiganja chake, akaaga kwa heshima, akaenda zake. Wiki ile nzima alipalilia mikorosho ya watu. Nilimpita mara mbili barabarani, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeanza kunisalimia. Mkewe nilimsikia kisimani akiitwa kwa jina lake tu.

Kisha akaja yule fundi wa Mikindani kufungua injini. Aliingia chini, akapapasa mdomo wa tundu, akatoka akivinusa vidole vyake. Sabuni. Akanivuta pembeni.

"Bakari ana patasi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hana."

"Basi kamwambie mjomba wako kabla sijamaliza kunawa mikono."

Nilimwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimepiga magoti, patasi, sabuni, boneti, na ule uongo wa kupima. Nilitarajia kofi. Mjomba hakunigusa. Akauliza swali moja tu ambalo sikulitegemea.

"Na kule kufagia?"

"Nilikuwa nafukia oili, mjomba."

Aliinamisha kichwa. Habari ya injini aliipokea kama mwanamume, lakini ile ya ufagio ilimvunja mbele ya macho yangu. Mwishowe akasema, "Mimi nilimnyang'anya ufunguo mbele ya watu. Utasema mbele ya watu."

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama nje ya msikiti nikasema. Walio nyuma hawakusikia, nikaambiwa nirudie, nikarudia. Mjomba akamwomba Bakari radhi kwa kinywa chake mwenyewe, akamrudishia ufunguo. Bakari akanishika mkono, akasema yamekwisha.

Na yalikwisha kweli, upande wake. Hakunisema kwa mtu. Nilipooa, yeye ndiye aliyemleta bibi harusi. Lakini tangu siku hiyo, kila asubuhi, hata mimi nikiwa nimesimama pale pale, hata nikiwa nimetoka kupima mbele ya macho yake, Bakari alifungua boneti, akachomoa kijiti, akakifuta, akapima mwenyewe. Miaka kumi na zaidi. Hakuwa na kinyongo. Neno langu tu ndilo ambalo hakulichukua tena, na sikuwa na haki ya kumwomba alichukue.

Mwanangu, washa ikikwama, gari likiwa bado na joto, izungushie ncha ya kisu kidogo kidogo, itatoka yenyewe. Hilo alinifundisha fundi baadaye, na lilikuwa jambo la dakika tano. Lakini si hilo ninalotaka ulishike. Ukiharibu, sema wakati bado umelala chini ya gari, kabla hujasimama na kujifuta vumbi, kwa maana ukishasimama uongo huanza kudai kazi kila asubuhi. Asiyejua akiuliza, haaibiki. Na ukimwona mwenzako anabeba kosa lako, usiangalie viatu vyako.

Sasa inuka, tukalitazame gari pamoja. Kama umechimba chuma, niambie tu, sitakugombeza. Mungu akupe mikono yenye subira na ulimi usiochelewa, na akujalie uzee wa kuzungukwa na watu ambao, ukiwaambia "nimeshapima", watapanda gari na kuondoka.