Vikopo Vitatu Kwenye Shina la Mgomba

Siku ya kwanza kurudi kazini nilikamulia maziwa stoo, nimekaa juu ya majora ya vitenge, mlango nimeuegemea kwa mgongo kwa sababu komeo lilikuwa bovu. Mtoto alikuwa na miezi mitatu na siku chache. Mashine yenyewe ilikuwa ya kubonyeza kwa mkono, nilipewa na wifi yangu aliyemaliza kuitumia. Nilibonyeza nikiangalia ukuta. Yalipotoka sikufurahi, yalipokatika sikusikitika.

Niseme mapema: sikuwa nalia. Watu wanadhani mzazi aliyeelemewa hulia. Mimi nilikuwa mkavu. Nilioga, nilipika, nilikata vitambaa vya watu mita kwa mita na sikukosea hata mara moja. Mtoto akilia nilimchukua kama unavyoepua sufuria inapofurika. Unaepua kwa sababu inafurika, basi.

Duka ni la mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Morogoro, na baba yake vile vile. Alinipa nafasi kwenye friji ya dukani, pembeni ya achari zake za embe, na kila asubuhi alinichemshia uwatu ninywe ili maziwa yaje. Nilikunywa. Saa nne, saa saba, saa tisa na nusu. Vikopo vitatu. Jioni nilivipanga kwenye hotipoti yenye barafu, nikarudi navyo nyumbani Kihonda, nikaviingiza kwenye friji yetu, na kesho yake mtoto anapewa kwa kikombe na kijiko. Ndivyo tulivyofundishwa kliniki. Usiku alinyonya mwenyewe, mimi nimelala ubavu, nusu nipo nusu sipo.

Wa kumpa mchana alikuwa mama yangu mzazi, maana mume wangu ni dereva wa lori na nyumbani yupo siku mbili kwa wiki. Mama alishuka kutoka Mgeta na viazi na njegere, shamba akamwachia dada yake. Kwetu Waluguru mtoto wa binti ni wa ukoo wetu, hakuna aliyehitaji kumbembeleza aje. Nilimwonyesha: unatoa kikopo, unakitumbukiza kwenye maji ya moto, unajidondoshea kwenye mkono kusikia joto. Aliitikia kila kitu. Haya, mwanangu. Haya.

Jioni nikifika nilimwamkia, kisha mimi huyo, moja kwa moja jikoni. Vikopo vilikuwa vimeoshwa na kufudikizwa juu ya kitambaa. Nauliza, mtoto kamaliza yote? Kamaliza. Hapo ndipo nilipokuwa nashusha pumzi. Sikuwa na hamu ya kumbeba, nyimbo za kumwimbia sikuwa nazo, lakini vikopo vilikuwa vitupu, kwa hiyo na mimi ni mama. Nilijishikiza hapo kwa kucha zote.

Mara moja mama alinitania. Mtoto kalala, mtoto kala, mtoto wa nani huyo unayemwulizia kila siku, wa jirani? Nikacheka kwa mdomo tu.

Mtoto alipotimiza miezi minne, uzito kliniki ulikuwa pale pale. Miezi mitano, ukashuka. Nesi aliweka kidole kwenye mstari wa kadi na kuuliza kama ananyonya. Nikasema ananyonya, na ninayokamua anamaliza yote. Akasema mwezi ujao tukirudi hivi hivi atatuandikia twende hospitali kubwa. Njiani nilijiambia kuwa maziwa yangu ni maji matupu, kwamba hata hicho kitu kimoja nilichokuwa nampa mtoto hakifai. Nyumbani kadi nikaificha chini ya nguo zangu.

Siku ya tatu baada ya kliniki jirani wa duka letu alifiwa, mtaa mzima ukafunga saa sita. Nilipitia uani. Mama alikuwa ameinama kwenye mgomba, mtoto mgongoni, anamwaga kikopo changu taratibu kwenye shina. Viwili vilikuwa juu ya karo, vitupu tayari. Jikoni kulikuwa na sufuria ya uji mwepesi.

Sikupiga kelele. Nilisimama na hotipoti yangu kama mtu aliyeleta chakula msibani. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue, niliumia. Ila niliumia kwa ajili ya maziwa, si kwa ajili ya mtoto. Hilo ninalo mpaka leo.

Mama hakujificha. Alimaliza kwanza kumwaga, ndipo akanieleza, kwa sauti yake ile ya mlimani ya kupanda na kushuka. Kwao mwanamke akishinda shamba la mbali, akirudi hukamua ya kwanza na kuyamwaga kwenye mgomba kabla hajamnyonyesha mtoto, maana yameshinda juani. Sembuse haya yaliyolala kwenye barafu usiku kucha. Yangemkata tumbo mtoto. Na hakuyamwaga chooni, wala pa kupita watu, kwa sababu maziwa yakikanyagwa, ziwa hukauka. Alikuwa ananilinda, kwa anavyojua yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unaviangalia vikopo kabla hujamwangalia mwanao," alisema. "Nikaona nikikunyang'anya na hivyo, utabaki na nini?"

Nilikaa kizingitini. Mtoto alikuwa ananitazama juu ya bega la bibi yake, kidevu kina uji. Shingo yake ilikuwa nyembamba. Sikuwa nimeiona.

Nilikwenda kuleta kadi, nikamweleza mama yote aliyosema nesi. Mimi nilimficha kadi, yeye alinificha maziwa, na aliyekonda ni mwingine. Mama aliiepua sufuria ya uji na kuumwaga wote kwenye karo, halafu akasema kesho atamleta dukani, anyonye ya moto kutoka kwa mwenyewe.

Mwenye duka nilimwomba kwa woga. Akasema wanawe wote wamenyonya nyuma ya ile meza ya kukatia, kwa nini nilikuwa najifungia stoo na mashine? Siku hiyo hiyo alimwita fundi, komeo la stoo likatengenezwa, ili nikitaka kunyonyeshea humo nijifunge vizuri.

Mama na mtoto wakawa wanakuja saa nne na saa nane. Wiki za kwanza nilimnyonyesha nikiangalia ukuta ule ule, sitadanganya. Mwezi uliofuata mstari ulinyanyuka, kidogo. Nilishukuru kama unavyoshukuru umeme ukirudi, kisha nikaendelea na kazi.

Halafu ikaja asubuhi moja. Nilikuwa namkatia mteja kitambaa cha sare ya harusi, mita sita, mkasi umefika katikati. Nje kulikuwa na honi na muziki wa duka la simu. Ndani ya kelele zile mtoto mmoja akalia, mbali, ng'ambo ya barabara. Sikuwa hata nimejiuliza ni wa nani, blauzi yangu ikawa imeloa pande zote mbili. Hakuna aliyebonyeza kitu. Maziwa yalimjua kabla yangu.

Niliuacha mkasi ndani ya kitambaa. Mwenye duka aliushika akaendelea kukata. Nikatoka mpaka barazani, mbele ya watu, kifua chapachapa, uso umeloa pia na sijui ulianza kuloa saa ngapi. Mama ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kuvuka barabara, mtoto mgongoni.

"Nipe mwanangu," nikamwambia.

Safari hii hakunitania. Alisimama pale pale, akafungua fundo la kanga.