Redio Iliyosikia Nyuma ya Ukuta

Juma lililopita, katika duka moja la simu hapa Kolwezi, fundi alikuwa akieleza kifaa kipya. Mawimbi ya wifi yanajaa nyumba nzima, mtu akitembea yanavurugika, na simu yako inakujulisha, hata awe nyuma ya ukuta.

Mama mmoja mzee mbele yangu akatikisa kichwa, akamwita fundi kwa heshima. "Tata, ile mambo mi naijua tangu zamani."

Akatusimulia. Miaka ile Wakasai, watu waliotoka mkoa mwingine, walipofukuzwa hapa, alimficha jirani yake Mkasai chumbani. Wanaume waliomtafuta wakaingia, wakaketi sebuleni kusikiliza habari. Redio iliegemea ukuta wa chumba kile, na kila mara jirani aliposogea, sauti ilikwaruza. Mmoja wao akaanza kuutazama ukuta.

"Pale njo mi nikasimama," mama akasema. "Nikapitapita karibu na redio, naleta maji, naokota bikombe. Redio inalia tu. Bakaniambia, 'Mama, ikala chini, unatuharibia habari.'"

Wakasikiliza mpaka mwisho, wakaondoka.

Fundi akauliza jirani aliishia wapi.

"Alienda na treni, kisha akarudia. Sasa anaishi peke yake, miguu imechoka. Hii kitu ni ya kuweka kwake, ye mwenyewe amekubali. Kila asubui nijue kama ameamuka."

Mimi bado naogopa mashine inayopeleleza nyumba za watu. Lakini nikizeeka nikawekewa yangu, naomba mtu kama mama huyo ndiye ashike simu.