Santuri Aliyoichoma Baba

Baba yangu alianza kuimba tena mwezi uleule alioacha kula. Sijui kipi kilitangulia. Mama anasema kuimba, mie nasema kula, na tumeshabishana hadi tukachoka, maana tukibishana angalau tunakuwa na kitu cha kufanya.

Kuimba kwenyewe si tenzi. Zingekuwa tenzi tungeshukuru. Baba amekuwa mzee wa kanisa tangu mie sijazaliwa, tenzi alikuwa anaziimba zote bila kitabu, na ugonjwa wa kusahau ulipomwanza tulijipa moyo kwamba vitaondoka vyote zibaki hizo tenzi. Wapi. Tenzi ziliondoka kabla hata ya majina yetu. Kilichobaki ni wimbo mmoja wa ujana wake, wa enzi zile alipokuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya roki hapa Dar, vijana wanne wenye suruali za bugaluu na nywele za kutisha wakwe.

Anauimba akiwa kwenye kiti chake barazani, kwao Madale, anatazama kilima cha mbele ambako watu hawaishi kujenga. "Nimefika kwako, mlango umefungwa, nimepiga hodi..." Hapo anakwama. Anamgeukia yeyote aliye karibu, anamuuliza, "Halafu?"

Sasa huo ndio mtihani. Hakuna anayejua halafu. Wimbo ule haukuwahi kupigwa nyumbani kwetu hata siku moja. Mie nilimjibu "karibu", maana mtu akipiga hodi si anakaribishwa? Akanitazama kama nimemtukana. "Siyo hiyo." Mama akajaribu kumpachikia mstari wa tenzi unaoendana kidogo. "Siyo hiyo." Anajipiga paja, anarudia toka mwanzo, anakwama palepale, macho yanamjaa machozi, na uji ukija anausukuma kwa mkono. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini hawakusema ufanyeje akifumba mdomo.

Daktari alituambia tumlishe kidogo kidogo, mara nyingi. Nikamuuliza, kidogo kidogo kupitia wapi? Akacheka. Mie sikuwa nachekesha.

Nafundisha hesabu shule ya msingi huku Temeke, na kila Ijumaa nikitoka kazini naenda Madale kumpokea mama zamu hadi Jumapili. Ijumaa moja nilikuwa namfunga baba mkanda, nikakuta matundu yameisha na suruali bado inashuka. Nikaenda jikoni kutafuta kisu nitoboe tundu jingine. Nilikipata kisu mapema tu, ila nilikaa hukohuko jikoni nikalia mpaka mama akaja kuuliza kama kisu kimepotea.

Siku hiyo ndipo nikapata wazo langu. Wimbo ule lazima upo kwenye santuri. Bendi ile ilitoa santuri kadhaa, na baba alikuwemo kwenye ya kwanza tu, kisha akaacha muziki. Ya kwanza haikwenda popote. Wenzake waliobaki wakaleta tarumbeta, wakahamia kwenye dansi, wakapata jina, na wazee wanaowakumbuka leo wanazikumbuka hizo za baadaye. Nikasema nitaitafuta ile ya kwanza. Baba akiisikia hiyo halafu yake huenda atatulia, na akitulia huenda atakula.

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Santuri hiyo aliichoma," alisema.

Nilijua. Sie tumelelewa na ushuhuda huo kama wengine walivyolelewa na hadithi za sungura. Babu mzaa mama alikuwa mwinjilisti huko kwetu bara, na siku ya mkutano wa injili kijana mmoja aliyetoka Dar likizo alipita mbele ya watu na gitaa lake na santuri zake, akazimwagia mafuta ya taa uwanjani kwa kanisa, akawasha mwenyewe. Mungu alikuwa amesema naye. Baada ya hapo akamuoa binti wa mwinjilisti. Baba ameutoa ushuhuda huo kanisani mara nyingi mpaka sie watoto tulikuwaga tunamtangulia maneno, na kila mara mama alikuwa anainamisha uso, anatabasamu.

"Aliichoma akiwa na akili zake timamu," mama aliendelea. "Hakuna aliyemshika mkono. Leo hana akili, hawezi kukataa, ndio mnamrudishia ndani? Mwanangu, huko ni kumwibia mtu wokovu wake."

"Mama, baba atakufa na njaa."

"Najua. Mie ndiye ninayemwogesha. Unadhani mbavu sizioni?"

Yule aliyechoma ni baba, na huyu anayelia barazani naye ni baba. Umsikilize yupi? Mie nimezoea maswali ambayo majibu yake yako nyuma ya kitabu. Hili halikuwa na ukurasa wa nyuma, nikakasirika, na nikikasirika naenda.

Nikaenda Kinondoni, Jumatatu yake nilipotoka kazini. Kuna kaka mmoja pale ana chumba cha kuuza redio za zamani na santuri, zimepangwa kwenye makreti ya soda hadi darini. Anazipata kwenye misiba. Mzee akifariki, watoto hawajui wazifanyie nini, wanampigia simu aje azibebe. Kufa kufaana, alinieleza mwenyewe bila aibu, akanivutia kigoda.

Nilipoitaja bendi uso ulimng'aa. Nilipomwambia nataka ya kwanza ukazimika.

"Dada, nikushauri kama ndugu yako," alisema. "Ile usinunue. Chukua ya tatu. Ya tatu ina tarumbeta, ina mashairi, unaipiga kwenye send-off hadi mama mkwe anainuka. Kwenye ya kwanza walikuwa bado wanajitafuta. Kelele tupu."

"Unayo au huna?"

Alikuwa nayo, moja. Kwenye jalada walisimama vijana wanne mbele ya ukuta unaobambuka rangi, wote wamekunja nyuso kana kwamba wamefukuzwa nyumbani. Wa tatu ni baba. Ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Kifua kiko wazi, gitaa limemshukia mapajani, na shingo yake imejaa, shingo ya mtu anayekula.

Akaiweka kwenye mashine nisikilize. Nitasema kweli, na baba anisamehe: ilikuwa mbaya. Upande wa kwanza wote ni Kiingereza cha kukariri, maneno yamekatwa yasipokatika. Ngoma zilisikika kama mtu anashusha masufuria kabatini. Mpiga besi sijui alikuwa anapigia chumba gani. Wimbo mmoja ulianza vizuri, nikaanza kutikisa mguu, ukaisha ghafla kana kwamba wenye studio wamewatoa nje. Yule kaka alikuwa ananitazama kwa huruma ya mtu aliyekwishaonya.

Kwenye upande wa pili, wimbo wa pili, nikamsikia baba. Sauti nyembamba, ya juu, haina haya hata chembe. Amefika kwake, mlango umefungwa, amepiga hodi. Nikasogea mbele kwenye kigoda. Halafu?

Halafu gitaa. Hakuna neno hata moja baada ya pale. Ni gitaa lake tu, linanguruma, linapanda, linashuka, linarudi lilikotoka, kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta dirisha lililo wazi. Linafanya hivyo kwa muda mrefu, kisha wimbo unakwisha. Sie wote tulikuwa tunatafuta maneno, na yeye alikuwa anatuuliza kitu kisichosemeka kwa mdomo. Nilipatwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani. Ningempelekea nini sasa? Ningempigia gitaa kwa chaki?

"Nilikwambia," yule kaka alisema.

Nikamuuliza bei. Kwa bei aliyotaja ungepata mbuzi mzima, na chenji juu.

"Si umesema ni mbaya?"

"Mbaya, dada. Ila iko moja."

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Nikalipa. Akaniwekea na nyimbo zote kwenye flash, maana nyumbani hatuna mashine ya santuri, hivyo kwa haki ya Mungu ningeweza kuchukua flash peke yake nikaondoka. Mtu akiniuliza iwapo santuri ile inafaa kununuliwa, namwambia haifai, sikiliza wimbo mmoja ukalale. Mie niliinunua kwa sababu sikuweza kumwacha baba mle kwenye kreti la soda.

Jumamosi niliiweka mezani mbele ya mama bila kuificha. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, hata sentensi ya kwanza nilikuwa nayo. Mama alilipangusa jalada kwa ncha ya khanga, akalisogeza mbali kidogo, maana macho yake nayo hayasomi karibu.

"Alikuwa mzuri," alisema. Kisha akasema, "Uweke mara moja tu. Na mie niwepo."

Tuna sabufa pale sebuleni, tuliinunua kwa ajili ya nyimbo za kwaya. Nikaivuta hadi mlango wa baraza, nikachomeka flash. Mama alikaa kwenye stuli mbele ya baba, bakuli la uji wa ulezi mapajani. Niliogopa asije akaumia, niliogopa asiujue kabisa, na sijui kipi nilikiogopa zaidi.

Baba alisikia sauti yake mwenyewe akainua kidevu. Akaimba nayo, nyuma kidogo, sauti moja imekauka na nyingine haina umri. Mlango umefungwa. Nimepiga hodi. Akanyamaza. Gitaa likaingia, na baba hakutugeukia wala hakuuliza kitu. Vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vinatembea kwenye mkono wa kiti, vinabonyeza mbao, vinajua pa kwenda. Nilikuwa sijawahi kumuona baba akipiga gitaa. Nilimuona pale, na gitaa halipo.

Wimbo ulipokwisha nilizima, nikachomoa flash. Uso wake ulikuwa umefunguka, umetulia. Mama akapeleka kijiko. Baba akafungua mdomo, akameza. Cha pili akakipokea. Mie niliangalia sakafu, niliona nikimtazama nitaharibu.

Mama alipoinua kijiko kingine baba alimshika kifundo cha mkono, taratibu, kwa adabu, kama unavyomshika mgeni.

"Dada," alimwambia mama, "asante sana. Ila huo muziki msiuwashe tena. Mke wangu karibu anarudi."

Mama akauliza, "Kwani hapendi?"

"Hapendi. Nilizichoma zote kwa ajili yake." Alizungumza vizuri, sentensi nzimanzima, ambavyo hatukuwa tumemsikia tangu mwaka uanze. "Baba yake alisema binti yake hampi mpiga gitaa. Nikajiambia, gitaa ni nini? Nikachoma." Akacheka kidogo, kicheko cha kijana. "Kanisani nasema Mungu alisema na mimi. Mungu hakuniambia kitu, dada. Mie nilimtaka yule binti. Usije ukamwambia. Ataumia."

Nilitaka kufanya kitu, chochote, niangushe hata sabufa. Nilisimama tu na flash mkononi. Mama yangu ameusikia ushuhuda ule maisha yake yote ya ndoa, ametulea nao, ametuombea nao, juzi tu alinikatalia santuri kwa ajili yake. Kijiko kilikuwa kimebaki hewani na uji unamdondokea kwenye khanga, haufuti. Nilidhani atainuka aondoke. Mie ningeinuka.

Baba naye akaanza kuhangaika, anatazama getini. "Unamjua mke wangu?" aliuliza.

"Namjua," mama alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu, ila ilifika. "Hana neno. Fungua mdomo."

Baba akafungua.