Siku Nilipowasha Hita Mwezi wa Julai

Aibu hii ningeweza kuinyamazia, ila walioiona hawanyamazi. Nimewahi kukaa kwenye harusi kule Al Wakrah, karibu na Doha, nikasikia meza ya nyuma yangu wakiisimulia, na katika masimulizi yao mimi nilikuwa nimepiga mbizi, jambo ambalo si kweli (niliteleza tu, nikakaa). Kwa hiyo afadhali niieleze mwenyewe ilivyokuwa, halafu mnicheke kwa haki.

Miaka hiyo sisi Wakenya na Waganda wa Doha tulikuwa na villa moja kuukuu mtaa wa Najma, tuliyoikodi kwa pamoja na kuiita Nyumba tu, kana kwamba mji mzima haukuwa na nyingine. Hapo ndipo palipofanyika mikutano, posa, ibada za Jumapili na futari za Ramadhani, na hapo ndipo tulipokaa na mtu aliyefiwa kwao akawa hawezi kwenda kuzika. Aliyeachishwa kazi ghafla akakosa pa kulala alijua kuna mkeka Najma na kwamba hataulizwa maswali kabla ya chai. Lakini Nyumba yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiwasha jiko la umeme, friji inazima. Ukigusa mfereji wa jikoni ukiwa miguu mitupu, unapokea salamu inayokufikia begani. Maji yalitoka na rangi ya chai ya mkandaa, na mabomba ya chuma yalikuwa yakivujia ndani ya ukuta hata rangi ikavimba kama andazi.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kikatari tuliyemwita Abu Nasir. Alitupa sharti moja: tubadilishe nyaya na mabomba sisi wenyewe, kisha aje aone. Akiridhika, tutakaa. Asiporidhika, kuna mwenye duka jirani anayeitaka iwe stoo. Hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Nikachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya ukarabati kwa sababu nina digrii (ya fasihi), na kwa sababu watu waliniita Prof, jina ambalo kwa muda mrefu nilidhani ni la heshima. Kazi yenyewe aliifanya Ochieng', fundi wa hoteli fulani mjini, yeye na wenzake, Ijumaa baada ya Ijumaa, siku yao ya mapumziko. Mimi nilishika tochi na kuuliza maswali.

"Prof, mulika ukuta," aliniambia siku moja akiwa juu ya ngazi. "Unanimulika usoni, na uso wangu hauna shoti."

Wakamaliza. Nyaya mpya, mabomba mapya ya plastiki, tangi jipya juu ya paa, na kila bafu na hita yake ya maji. Swichi za hita Ochieng' alizipanga ukutani kwenye korido, safu moja iliyonyooka, kila moja na kijitaa chake chekundu. Mabomba ya kutolea maji machafu, yale ya chini ya sakafu, tuliyaacha kama yalivyokuwa kwa sababu hayakuwa yamelalamika.

Sasa, kwa asiyeyajua maisha ya Doha, niseme kitu hapa, maana bila hicho hamtaelewa ukubwa wa ujinga wangu. Kule matangi ya maji hukaa juani juu ya paa, na kiangazi kikianza maji ya mfereji wa baridi yanachoma. Basi watu wote, wenyeji na wageni, huzima hita, halafu hugeuza mambo: wanafungua mfereji wa moto, ule wenye alama nyekundu, kwa kuwa maji yaliyotulia ndani ya hita iliyozimwa, humo ndani ya nyumba yenye viyoyozi, yanapoa kidogo. Kiangazi, nyekundu ndiyo baridi na buluu ndiyo moto. Kila mgeni aliyefika kutoka nyumbani mimi ndiye niliyempa somo hili, tena kwa mikono na mifano, mpaka Mama Zawadi, mama wa Kimombasa aliyekuwa mkuu wa jikoni letu, akawa ananikatiza: "Basi, baba, mtu ataka kuoga, hataki shahada."

Na bado mimi mwenyewe nikalisahau.

Ijumaa ya Abu Nasir kuja nilifika mapema, nimevaa suti, nikazunguka Nyumba nzima peke yangu nikiwa na furaha ya mtu ambaye hakufanya kazi. Kila kitu kilikuwa safi. Viyoyozi vinanguruma, jikoni viazi karai vinakaangwa, kwenye majlisi, sebule ya wageni, mazulia yamenyooshwa. Nikafika koridoni, nikaziona zile swichi, zimezimwa zote, na nikasikitika. Kazi nzuri namna ile, na vijitaa havionekani! Mzee atapita hapa aone plastiki nyeupe tu? Nikaiwasha ya kwanza. Kijitaa kikawaka chekundu, kizuri. Nikawasha zote. Nilirudi nyuma hatua chache nikazitazama kama mtu anayetazama picha aliyoichora, nikaenda zangu kunywa kahawa.

Abu Nasir alifika muda mfupi kabla ya Alasiri. Ssalongo, dereva wetu wa Kiganda (ana mapacha, ndiyo maana ya jina hilo), alimpokea getini na kumwingiza kwa adabu zote za Buganda, nusura apige magoti. Mzee akavua makubadhi yake ya ngozi mlangoni pa majlisi, akasalimu kila mtu, akakaa, akaonja tende moja. Kisha akasema angependa kutawadha kabla ya kutazama nyumba. Nikajitokeza mbele ya wote kumwonyesha bafu. Nilimpitisha koridoni makusudi. Alivitazama vijitaa vyangu, akaingia, akafunga mlango.

Mimi nikabaki nje nikitabasamu.

Kilichofuata ni sauti ya mfereji ukifunguliwa, kisha sauti ya mzee, "Ya Latif!", kisha mfereji wa pili, kisha "Ya Latif!" nyingine iliyo kubwa zaidi. Kama mtu yeyote wa mji ule, alikuwa amefungua nyekundu ili apate maji ya kupoa, akapata maji ya kuchemshia mayai. Akakimbilia buluu, akapata jua la Julai.

Hapo ningesema, "Nisamehe mzee, nimewasha hita kwa makosa," na kisa kingeishia hapo, na leo msingekuwa na cha kucheka. Lakini mlango ulipofunguliwa nikamwona ameshika vidole vyake, kichwa changu chenye digrii kilitoa maneno haya, kwa Kiarabu changu cha sokoni:

"Ni upya wa mabomba, mzee. Mabomba mapya hupasha maji kidogo."

Alinitazama. "Mabomba?"

"Mapya. Yakipitisha maji yanapoa. Subiri."

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshasema, ikabidi nifanye. Nikaingia bafu hilo nikafungua mifereji yote na bomba la mvua, nikaingia la pili nikafanya vivyo hivyo, na la tatu, na la mwisho, nikiamini kwamba maji ya moto yakimalizika yatakuja ya baridi. Sikujiuliza yatatoka wapi. Nilikuwa namwaga maji ya moto ya kwenye hita ili niingize maji ya moto ya kwenye tangi, na mvuke ukaanza kutoka milangoni, miwani yangu ikafunga ukungu, na mzee amesimama koridoni ameinua mikono yake kama daktari anayesubiri glavu.

"Wewe baba, mwapika nini huko?" Mama Zawadi aliita kutoka jikoni.

"Hakuna kitu!"

Ndipo yale mabomba ya chini ya sakafu, ambayo hayakuwa yamelalamika, yalipolalamika. Mafuriko yale yote kwa pamoja hayakuwa yameyazoea maishani mwao. Tundu la sakafuni katika bafu la kwanza likagugumia, likanyamaza, halafu likaanza kurudisha. Yakaja na mengine kutoka bafu la pili. Maji ya vuguvugu yakavuka vizingiti, yakakutana koridoni, yakashauriana, yakaelekea majlisi.

"Banange!" Ssalongo aliruka juu ya kiti. "Ssebo Prof, ziwa linakuja!"

Na juu ya ziwa hilo nikayaona makubadhi ya Abu Nasir. Moja lilikuwa limetangulia, lingine linafuata, yanaondoka mlangoni polepole kuelekea uani kana kwamba yamechoka na sisi. Nikasema moyoni, angalau hayo niyaokoe. Nikayakimbilia. Viatu vyangu vya suti vilikuwa na soli laini kama ulimi, na sakafu Ochieng' alikuwa ameipiga nta asubuhi ile. Sikupiga mbizi, narudia. Niliteleza nikakaa, katikati ya korido, maji yananifika kiunoni mwa suruali, kubadhi moja mkononi, mbele ya jumuiya nzima iliyokuwa imetoka kutazama.

Halafu Ochieng' akaja mbio kutoka paani, akafunga mifereji mmoja mmoja, akarudi koridoni, akaitazama ile safu.

"Nani amewasha hita?"

Watu wote walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa nimekaa chini kabisa ya vijitaa, vinaniwakia kichwani.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka zionekane."

"Zionekane," Ochieng' alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja dawa. "Mwezi wa Julai."

Mama Zawadi alinipita tu. Alifungua friji, akatoa chupa za maji ya kunywa, akampeleka mzee uani na kummiminia mwenyewe huku akimwomba radhi kwa Kiarabu kilichonyooka. Abu Nasir akatawadha, akapandishwa chumba cha juu kilichokuwa kikavu, akaswali. Sisi tukabaki chini tunasukuma maji kwa mafagio ya mpira. Kulikuwa na msichana mmoja wa Kisumu aliyekuwa akilala Nyumba tangu mwajiri wake amwachishe kazi. Alikuwa ameshika fagio na analia bila sauti. Hapo ndipo niliposhika adabu. Mimi nilikuwa nimelowa, ndiyo, lakini nilikuwa na kwangu pa kwenda kujikausha.

Mzee akateremka. Akapita koridoni miguu mitupu, amepandisha kanzu, akasimama mbele ya swichi. Akauliza kitu, na Mama Zawadi akatafsiri.

"Auliza, hita zote zilikuwa zawaka?"

"Zote, mzee," Ochieng' akajibu.

"Na viyoyozi?"

"Vyote."

"Na jikoni mulikuwa mwapika?"

"Viazi," Mama Zawadi akajijibu mwenyewe.

Abu Nasir akainua macho kutazama taa ya koridoni, ambayo ilikuwa ikiwaka tu, haijacheza hata mara moja. Kisha akasema kwamba nyumba ile ilikuwa ya wazazi wake, na kwamba mama yake alipotaka kupiga pasi, baba yake alilazimika kuzima redio, na kila mara waligombana kwa ajili ya habari.

"Umeme umekaa," akasema. "Maji yanaingia. Kutoka hayajui. Chimbeni sakafu, toeni mabomba ya chini, wekeni mengine, kisha nitakuja tena. Mtakaa."

Yule msichana akaweka fagio chini akajifuta uso kwa kanga. Ssalongo akapiga magoti kweli, ndani ya maji. Mzee akapokea kubadhi lake mkononi mwangu, akalikung'uta.

"Na mabomba mapya, yaa ustadh," aliniambia, polepole ili Kiarabu changu kifike, "hayapashi maji."

Ijumaa zilizofuata tulivunja sakafu. Sikupewa hata tochi. Nilibeba kifusi kwa karai kutoka korido hadi getini, nikajifunza kwamba mwenyekiti ana mgongo kama watu wengine, na kila niliposimama karibu na ukuta wa swichi kupumzika mtu fulani alikohoa.

Abu Nasir aliporudi kuona kazi ya mwisho, nilikuja nikiwa nimeshajiapia kwamba kazi ya watu ikikamilika sitaiongezea pambo langu tena, iwe ya mabomba, ya ndoa au ya kitabu. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza wote kiapo hicho. Sikupata nafasi. Mama Zawadi alinipokea mlangoni akaniwekea sinia kubwa mikononi, lina birika la gahawa, vikombe na tende zimepangwa mpaka ukingoni, zito kwelikweli.

"Shika kwa mikono miwili, baba," alisema. "Miwili. Na usiliweke chini mpaka mgeni aondoke."

Nikalishika. Mzee akazunguka mabafu yote, akafungua mifereji, akatazama maji yakishuka na kupotea, akacheka na Ochieng', akanywa vikombe vyake kutoka mikononi mwangu. Mabega yalinichoma, pua ikaniwasha na sikuweza kuikuna, na Nyumba ikabaki yetu.