Mlango wa Mbele

Jumatatu, tarehe 7 Machi 1994, Bwana Yusto Amani Silwimba, mwanahistoria na mhakiki wa majengo, alileta vitabu vyake katika ofisi moja ya vifurushi, Tunduma, viwahi basi la Lusaka. Nami nilikuwa foleni. Karani alifungua kimoja, akakuta picha ya ofisi hiyohiyo.

"Mzee, uongo hatusafirishi. Umeandika hatuna mlango wa mbele."

"Nimepitia jikoni, mwanangu."

"Upo. Umezibwa na kabati."

"Basi sogezeni kabati, nami nitaifuta sentensi."

Wakalisogeza. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu. Karani akaupapasa taratibu kwa viganja viwili.

Huko Vwawa husimuliwa kwamba vitabu vilizuiwa. Si kweli, vitabu viliondoka na basi. Aliyezuiwa ni mwandishi, mpaka awachoree mlango.