Mwalimu Asiyeona Ubao

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo moyo unatulia. Nilikuwa binti wa mwaka wa sita wa sekondari, nimetoka kwetu Wamaza kwenda Kasongo kukaa kwa shangazi nisome. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa amehama katikati ya mwaka, na mtihani wa serikali ulikuwa unakaribia. Baba alikuwa ameniambia bila kuficha: nikianguka, nitarudi shambani, nafasi ya kusoma itakuwa ya mdogo wangu. Si kwamba alikuwa mkali. Nguvu za mkulima zina mwisho.

Shangazi akanipeleka kwa Mwalimu Sumaili, mzee aliyefundisha hesabu mpaka macho yakazimika. Alikaa barazani, mimi nikaandika kwa chaki kwenye ubao uliosimamishwa ukutani. Kila mstari ilibidi nimsomee, kisha nimweleze kwa nini nimeuandika. Hapo ndipo niliposhikwa. Darasani nilizoea kutikisa kichwa kama vile nimeelewa, lakini mzee huyu hakuona kichwa changu.

Siku hiyo alinipa hesabu ya sinus na kosinus, zile za pembe, nithibitishe kwamba pande zake mbili ni sawa. Nikahamisha hiki huku, kile kule, nikasema haraka, "Zimelingana, Mwalimu."

Akasema, "Mama, umeanza kwa kukubali kitu unachoombwa kuthibitisha. Mutu haendi mbele ya chifu kusema, haki iko yangu kwa sababu iko yangu. Shika upande mumoja, tembea nao mpaka ufike kwa mwenzake. Umeelewa?"

"Ndiyo."

"Basi nieleze."

Nikaanza kumsomea tena mistari ileile.

"Mficha uchi hazai," akasema polepole. "Mimi sioni, na kila siku naomba watu wanishike mukono. Wewe unaona haya ya nini?"

Nikasema, "Sielewi, Mwalimu. Tangu mwaka uanze, sielewi."

Mwanangu, nilihisi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa mihogo kichwani. Mzee akacheka. "Sasa tunaweza kuanza."

Tukaanza chini kabisa. Baadaye akanipa hesabu ya dawa mwilini: kila saa robo ya dawa inaondoka, baada ya saa sita imebaki ngapi? Mimi nikatoa robo ileile ya mwanzo kila saa, mpaka dawa ikawa chini ya sifuri.

"Kwa hiyo damu ya mugonjwa inakudai dawa?" akauliza. Tukacheka wote wawili. "Robo ya kile kilichobaki, mama, si robo ya kile cha kwanza. Kinachopungua, kinapungua kwa kadiri ya kilichobaki." Safari hii sikungoja aniulize. Nilisema mwenyewe, "Hapo sijaelewa, rudia." Akarudia, nami nikaishika.

Siku matokeo yaliposomwa redioni, nilijificha nyuma ya jiko la shangazi kwa hofu. Niliposikia vigelegele nikatoka. Shangazi na majirani wakanimwagia poda nyeupe kichwani, kama tufanyavyo kwetu kwa aliyeshinda, nami nikakimbia hivyo hivyo hadi kwa Mwalimu. Akanipapasa kichwa, akasugua poda vidoleni.

"Hii haiombi uthibitisho," akasema.

Nikaenda kusomea uuguzi, na nimezeeka nikipima dawa za wagonjwa hapa Kabambare.

Basi sikia, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kunyamaza na kubeba usichokielewa mpaka siku ya mtihani. Ukikwama, sema mapema, tena kwa mtu mwenye subira. Usiruke hatua ili uonekane umefika. Na ukiona hofu haijaisha yote, usivunjike moyo, hofu hupungua kidogo kidogo, na ile inayobaki utaizoea.

Mungu akufungulie akili, akupe watu wa kukuelekeza bila kukuchoka, na siku yako ya furaha ikukute na wazazi wako wakiwa hai.