Supu ya Mama Mkwe na Damu ya Mume Wangu

Mume wangu alifariki mwaka jana, na watu wakinitembelea hapa Noonkopir hutaka niwaambie alivyoteseka. Ninawaambia kidogo tu. Mimi hukumbuka zaidi walivyokuwa wakichokozana na mama yake.

Saratani ilimshika kwenye mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Alikuwa mnunuzi wa mbuzi, mtu wa kuzunguka masoko, na kwa muda mrefu alidhani amepigwa teke na mnyama. Mguu ukakatwa. Alipopata fahamu aliniuliza kama umezikwa ama umetupwa. Nikamwambia sijui.

"Uliza," akasema. "Na kiatu wakirudishe, kilikuwa kipya."

Baadaye daktari, mama mmoja mpole, alitueleza kuhusu damu. Nilisoma hadi darasa la nane, kwa hivyo ninaandika vile nilivyoelewa. Kuna kitu ambacho mifupa hutoa kwenye damu, na mfupa wenye uvimbe mbaya hukitoa kwa wingi. Kikishuka baada ya upasuaji na kikae chini, mgonjwa ana matumaini ya kuishi. Kikipanda tena, huenda ugonjwa umebaki mahali ambapo bado hauonekani. Alipomaliza kemo, zile dawa kali za saratani, damu ikapimwa, na kilikuwa kimeshuka vizuri.

Mama mkwe, aliyekuwa kwake Kajiado, alipopigiwa simu aliielewa habari hiyo kwa njia yake. Kama madaktari wanaangalia damu, basi damu ilishwe. Kwao, mtu akiumia ama akijifungua, huchinjiwa mbuzi na kupikiwa supu yenye mizizi na magome ya miti. Akaja kwetu na mfuko wa mizizi na mbuzi aliyekwisha kuchinjwa. Nilimpa jiko langu bila ubishi, maana nami nilipozaa alininywesha supu hiyo nikapata nguvu. Siku ya kupimwa ilipokaribia aliichemsha hadi ikawa nyeusi, na mume wangu akanywa bakuli asubuhi na bakuli jioni. Alikuwa akifumba macho kabla ya kumeza. Mimi nilidhani anaomba.

Tuliporudi hospitali kile kitu kilikuwa kimepanda.

Daktari aliangalia majibu kwa muda. "Baba, kuna kitu kingine unakunywa nyumbani?"

Mume wangu akaangalia dari.

"Anakunywa supu ya mizizi," nikasema. "Nyingi."

Daktari hakutugombeza. Alisema hata ini halikuwa sawa, na kwamba kitu hicho hutoka kwenye mifupa na pia kwenye ini. Picha ya kifua ilikuwa bado safi. Kama ni mizizi iliyochosha ini, kitashuka akiacha kunywa. Kama ni ugonjwa umerudi, hakitashuka. "Acheni supu, halafu tutapima tena. Kwa sasa hata mimi sijui."

Nyumbani tulimwambia mama mkwe kila kitu. Aliondoa sufuria motoni, akamwaga supu nje. Kesho yake nilimsikia jikoni akiomba kwa Kimaasai. Nimeolewa kwao miaka ya kutosha kuelewa. Alikuwa akimwomba Mungu iwe ni yeye. Iwe supu yake ndiyo iliyomharibu mtoto wake, lawama yote imwangukie, halafu damu irudi chini. Sijawahi kusikia mtu akiomba kupatikana na makosa kwa moyo namna hiyo.

Mume wangu akafanya mzaha wake. "Mshtakiwa, umeamkaje?"

"Nyamaza wewe. Kesi bado."

"Mshtakiwa, leta chai. Na nisione mti ndani."

Baadaye mama mkwe alirudi Kajiado kuangalia mifugo, nasi tukaenda kupimwa. Ini lilikuwa limepona kabisa. Lakini kile kitu cha mifupa kilikuwa kimezidi kupanda. Daktari alituambia akiwa amevuta kiti chake karibu na chetu, na sikuhitaji aseme mara mbili.

Tulikaa kwenye benchi nje. Mume wangu akaweka magongo yake ukutani.

"Tumwambie mama ni supu," akasema. "Atafurahi."

"Na ukianza kuugua tena nitamwambia nini?"

"Utajua."

"Mimi sitajua. Mwambie wewe."

Akacheka kidogo. "Wewe huwezi kudanganya hata kuku."

Tukaenda Kajiado siku hiyo hiyo. Mama mkwe alitusikia tukifungua geti akatoka, mikono ina unga. Hakutusalimu.

"Ni mimi?"

Nilimwachia mume wangu ajibu, maana alikuwa mama yake.

"Si wewe, Yeyo," akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita, mama kwa lugha yao. "Supu haina makosa. Ni ule ugonjwa."

Mama mkwe akaketi pale pale kwenye ngazi ya mlango. Alilia kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusumbua majirani. Mume wangu alijishusha polepole akaketi kando yake.

"Umeshinda kesi, sasa unalia nini?"

"Afadhali ningefungwa."

Wakakaa hivyo, bega kwa bega. Mwishowe mama mkwe akajifuta uso kwa leso, unga ukabaki shavuni. "Basi nikupikie ile supu. Sasa hakuna wa kukukataza."

"Nipikie. Lakini usitie mizizi."

"Kwa nini?"

"Ni chungu, Yeyo. Tangu nikiwa mtoto ni chungu. Nilikuwa nafumba macho."

Akamgeukia, akamkazia macho. "Miaka hii yote? Na sasa ndio unasema?"

"Ungenichapa."

"Ningekuchapa kweli," akasema, na kicheko kikamshika na machozi yakiwa bado yanatoka. Akanyanyuka kwenda jikoni, akaniita nikamsaidie kukata nyama. Tuliipika kwa chumvi na kitunguu peke yake. Mume wangu alikunywa bakuli zima, macho wazi, akaomba lingine.